Akaunti ya 529 hulipa na pango

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Kiswahili chetu kinatuchezea kidogo kwenye mada hii, maana kodi ni ya nyumba na kodi ni ya serikali. Leo anachodai mwenye nyumba nitakiita pango, na kinachodaiwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nitakiita kodi. Tusije tukachanganyana.

Wengi wenu hapa Marekani mmewafungulia watoto akaunti ya 529, ile ya kuweka akiba ya masomo. Jina limetokana na kifungu cha 529 cha sheria ya kodi, kilichopitishwa mwaka 1996. Hela inakua humo bila kukatwa kodi ya shirikisho, na ukiitoa kwa matumizi ya masomo yanayokubalika, faida yake pia haikatwi. Hayo mnayajua. Ninalokutana nalo kila msimu wa kodi ni mzazi aliyeibana akaunti ile isiguswe ila kwa ada, huku mtoto anakopa ili alipe chumba na kula. Nani alisema ni ya ada tu? Malazi na chakula vimo, ilimradi mwanafunzi amejiandikisha kwa angalau nusu ya masomo anayobeba mwanafunzi wa muda wote.

Akikaa bweni la chuo, kazi ni nyepesi: ankara ya chuo ndiyo kipimo. Akipanga nje, kuna dari. Kila chuo hukadiria gharama za mwanafunzi kwa ajili ya misaada ya fedha, na ndani ya makadirio hayo mna kiwango cha malazi na chakula. Hicho ndicho kikomo chako. Waulize ofisi ya misaada ya chuoni, na jibu litunze kwa maandishi.

Tuseme kiwango ni dola 12,000 kwa miezi 9 ya masomo. Binti analipa pango dola 1,300 kwa mwezi, hiyo ni 11,700. Chakula dola 300 kwa mwezi, 2,700. Jumla 14,400. Umevuka dari kwa 2,400. Je, hizo 2,400 zote zinatozwa? Hapana. Kinachotozwa ni faida iliyomo ndani yake. Kama theluthi moja ya akaunti ni faida, basi ni dola 800: zitahesabiwa kama mapato, na juu yake kodi ya nyongeza ya asilimia 10, yaani dola 80. Si msiba, lakini ni kutupa hela bure. Hizo 2,400 zitoe mfukoni, au binti atafute mwenzake wa kugawana naye pango.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye hela. Kuna nafuu ya kodi iitwayo American Opportunity. Ukilipa ada na vitabu dola 4,000 kwa hela isiyotoka kwenye 529, inakupunguzia kodi hadi dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka 4, mradi kipato chako hakijazidi mipaka yake. Nafuu hiyo haitambui pango wala chakula. Akaunti ya 529 inavitambua. Na dola moja huwezi kuitumia pande zote mbili. Kwa hiyo ada 4,000 za kwanza lipa kwa mshahara, hata kwa mkopo, kisha 529 ibebe chumba na jiko. Yule anayemaliza akaunti yote kwenye ada anajinyima dola 2,500 kwa mkono wake mwenyewe.

Mengine nayapitia haraka. Kompyuta na intaneti ya mwanafunzi vinakubalika. Nauli ya ndege, mafuta ya gari, bima ya afya, simu: havimo.

Tarehe nazo zina mitego. Hela itoke mwaka uleule gharama ilipolipwa. Mimi mwenyewe, mtaalamu ninayewahubiria, niliwahi kulipa ankara ya muhula wa pili mwezi Desemba, nikaja kutoa hela Januari. Kwenye karatasi mwaka mmoja ulikuwa na gharama bila hela, mwingine hela bila gharama. Mke wangu hajaacha kunicheka. Na kama mtoto anampa mwenzake nusu ya pango mkononi, mwambieni aache, atume kwa benki, ibaki alama.

Kuna mama ameuliza: na anayelala kwangu? Mama, vyuo huweka kiwango tofauti kwa wanaoishi na wazazi, na ni kidogo kuliko cha waliopanga. Usichukue kile kikubwa kwa kuwa ndicho ulichokiona kwanza kwenye ukurasa. Chukua chake, na risiti za chakula ziweke kwenye bahasha moja na fomu ya 1099-Q, ile inayoonyesha hela iliyotolewa kwenye 529, utakayoletewa mwanzoni mwa mwaka.