Mwacheni Mtoto Ashike

Mhadhara kwa wenye maduka ya vitu vya kuchezea na zawadi, Dodoma

Asanteni. Kaeni, kaeni. Wengi wenu mlishanisikia kwenye vikao vya nyuma, na kaka yangu pale dirishani ameanza kucheka kabla sijafungua mdomo kwa sababu anajua ninachokuja kusema. Nitakisema vilevile. Juzi nimepita dukani kwako, kaka, na lile bango bado lipo: “Ukivunja umenunua.” [Kicheko]

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuifanya familia irudi dukani. Kuivuta mara ya kwanza mnaweza. Mnaweka spika mlangoni, mnaning'iniza mipira ya rangi, mtoto anapita na mama yake, anavuta khanga, wanaingia. Shida ni safari ya pili. Nikiwauliza kwa nini hawarudi, naambiwa watu hawana hela. Kila kikao, watu hawana hela. Na kila Jumamosi jioni nawaona watu haohao na watoto wao kando ya Nyerere Square, wanakula chipsi na aiskrimu. Hela ipo. Ni ndogo, lakini ipo, na inakwenda mahali ambapo mtoto hakemewi.

Kuna Mmarekani mmoja aliitwa Charles Lazarus. Mwaka 1948 alifungua duka la samani za watoto wachanga mjini Washington. Vita imekwisha, askari wamerudi, wanaoa, watoto wanazaliwa. Hesabu yake ilikuwa nzuri kabisa. Ila akaona kitu kinachomkera mfanyabiashara yeyote: mama akishanunua kitanda, haonekani tena. Mtoto wa pili akizaliwa anarithi kitanda cha kaka yake. Lakini mama aliyenunua kitu cha kuchezea alikuwa anarudi, maana kimevunjika, au mtoto amekua na kimemchosha. Lazarus akageuza biashara yake taratibu kwenda huko, na mwaka 1957 likazaliwa duka lililoitwa Toys “R” Us, ambalo baadaye lilienea nchi nyingi.

Nasikia mzee wangu pale nyuma anamnong'oneza jirani: si lilifilisika? Ndiyo, mzee. Kampuni iliomba kinga ya mahakama mwaka 2017, na mwaka uliofuata maduka yake ya Marekani yakafungwa, mwaka uleule Lazarus mwenyewe alipofariki. Lakini tazameni mzigo uliomwelemea. Mwaka 2005 kampuni ilinunuliwa kwa fedha za mikopo, na deni likaachwa mgongoni mwa kampuni yenyewe. Ikawa inauza ili ilipe riba, huku maduka yanachakaa na wenzake wanauza kwa bei ya chini na kwenye mtandao. Haikufilisika kwa sababu watoto walishika vitu. Tuendelee.

Ninachotaka mkione kwa Lazarus ni hiki. Ninyi hamuuzi majeneza. Mnauza bidhaa ambayo yenyewe inamrudisha mteja: inavunjika, inachosha, mtoto anakua, binamu naye ana siku ya kuzaliwa. Ukiuza bidhaa ya namna hiyo na familia isirudi, basi kuna mtu aliyeifukuza. Nitawaambia anavyoifukuza.

Nilikuwa kwenye duka moja mjini hapa. Silitaji, na mwenyewe hayumo humu, msianze kutazamana. Akaingia mama na mtoto wa kiume wa miaka kama sita, na mdogo wake mgongoni. Dada wa dukani alikuwa kwenye simu. Alipomwona mtoto akanyanyuka, nikadhani anakwenda kuwakaribisha. Hapana. Alikwenda kumfuata mtoto nyuma, hatua kwa hatua. “Usishike hicho.” Mtoto akasogea. “Na hicho.” Mwishowe mtoto akaweka mikono mifukoni, akasimama katikati ya duka kama polisi wa zamu.

Mama alikuwa anatafuta zawadi ya mtoto wa dada yake. Akaonyesha boksi la juu, ambalo picha yake imepaushwa na jua hadi gari jekundu limekuwa la pinki, na vumbi letu la Dodoma, ambalo mnalijua, limelala juu yake. Akauliza, linawaka? Dada akajibu, linawaka mama, hiyo orijino. Hakulifungua wala hakuweka betri. Mama akalipa, akapewa mfuko mweusi. Juu ya kaunta palikuwa na bango jingine: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Mteja naye ni mtiifu. Hatarudisha mali, na yeye mwenyewe hatarudi. [Kicheko]

Kwenye duka lile aliyekuwa anajua kununua ni yule mtoto. Mtazameni mtoto wa umri ule akipewa gari mkononi. Rangi haishughulikii sana. Analigeuza juu chini. Anazungusha gurudumu kwa kidole. Anaangalia kama chuma cha katikati kimenyooka, kisha analisukuma sakafuni na kutega sikio. Kwa nini anafanya hivyo? Kwa sababu nyumbani amekwisha kutengeneza lake, bodi ya kopo, magurudumu ya kandambili zilizokwisha, na anajua gari linaharibikia wapi. Wazee wetu wa Kigogo humu ndani watanisaidia: nanyi mkiwa machungani mlifinyanga ng'ombe wa udongo, dume linajulikana, jike linajulikana, na ng'ombe wa fulani mlimtambua kwa pembe. Kwa hiyo msidhani anayeingia dukani kwenu ni mgeni wa michezo. Ni fundi. Mnamkataza fundi asikague.

“Watavunja.” Najua. Tupige hesabu, wala si ngumu. Tuseme kigari umekileta kutoka Kariakoo kwa shilingi 4,000 na unakiuza 7,000. Toa kimoja kwenye boksi, kiweke mezani, kiite cha kuchezewa. Kikifa baada ya mwezi, umepoteza 4,000. Ukiuza viwili tu kwa sababu mtoto alikigusa, umepata 6,000, na cha kuchezewa kimejilipa na chenji imebaki. Kukodi gari la matangazo lizunguke na spika kutwa nzima ni shilingi ngapi? Mbona hapo hamuulizi kama spika itavunjika?

Wekeni meza fupi, mtoto aifikie bila kunyanyua visigino, na mkeka chini. Vitu vitatu au vinne, si ishirini. Kila Jumamosi badilisha kimoja. Hapo ndipo kurudi kunapoanza, kwa sababu mtoto ana swali la kumsumbua nalo baba yake wiki nzima: safari hii wameweka nini? Na wekeni kiti. Bibi aliyeketi hana haraka. Bibi aliyesimama na mguu unamuuma atasema twende, na mjukuu atakwenda.

London kuna duka linaitwa Hamleys, lilianzishwa mwaka 1760. Ukiingia unakuta wafanyakazi ambao kazi yao ni kucheza: anarusha kindege, anapuliza mapovu, anaendesha treni. Wanalipwa mshahara kwa hilo. Vijana wenu mnawalipa wakae kwenye TikTok. Mpeni kijana kishada, akirushe pale nje Agosti, upepo wa Dodoma ni wa bure.

Kuna anayesema watoto wa mtaani watajaa bila wazazi. Wajae. Wapangie saa, kijana wako awasimamie, wakitoka wanakwenda nyumbani na habari. Mtoto aliyecheza Jumatano bila senti ndiye anayemleta mjomba mwisho wa mwezi. Mwingine ataniambia wezi. Ndugu yangu, hivi katika vitu vyote ulivyowahi kuibiwa, ni vingapi viliibwa na mtu wa miaka sita?

Hapa sitanii, nisikilizeni. Kwenye meza ile visiwepo vipande vidogo vinavyoingia mdomoni, maana mdogo wake naye atashuka mgongoni. Mtoto wa chini ya miaka mitatu kila kitu anakionja. Na zile betri bapa kama kidonge, za kwenye vitu vinavyoimba na kumetameta, ni hatari kubwa. Zikikwama kooni zinaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili. Kitu ambacho mfuniko wake wa betri hauna skrubu, unafunguka kwa ukucha, msikiuze. Si mezani tu, hata kwenye rafu kisiwepo. Na kilichoandikwa si cha chini ya miaka mitatu, mwambieni mama kwa mdomo, yale maandishi hayasomeki hata kwa mwenye miwani. Mtoto akimeza betri anapelekwa hospitali muda huohuo, hasubiriwi kuona kama atajisikia vibaya.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine manne, nitayapita mbio.

La Dodoma hasa. Tangu Serikali ihamie, tuna baba na mama wanaofanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, huku watoto wanasoma Dar. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika hapa, na mtu huyu Ijumaa anasafiri. Huyo ni mteja wa kujirudia aliyeumbwa tayari, na tunamwacha anunue biskuti stesheni. Anataka kitu kinachoingia kwenye begi, betri zimo, kimefungwa karatasi ya zawadi, na asisimame kaunta nusu saa. Mwekee kapu la Ijumaa karibu na mlango. Na mwuzie vitu vinavyoongezeka. Lego, wale wa matofali ya plastiki ya kuchezea, waliandikisha tofali lao la sasa mwaka 1958, na tofali la mwaka ule bado linashikana na la leo. Ndiyo siri yenyewe: boksi dogo la mwezi huu linadai mwenzake mwezi ujao. Ni ghali, sawa, yapo mengine ya bei nafuu, ila jaribuni kwanza kama boksi moja linashikana na la pili. Mengine hayashikani hata lenyewe kwa lenyewe.

Halafu Bunge. Kuanzia Aprili hadi Juni mnajaza duka mashada na zawadi za wageni, na mkazi wa Kisasa, wa Ipagala, wa Nzuguni mnamwona kama anawazibia njia. Wageni wataondoka bajeti ikipita. Mkazi yupo, mtoto wake anabatizwa, anapata komunio, anahitimu chekechea, Idi inakuja, Krismasi inakuja.

Bei. Andikeni bei. Mama hapendi kuuliza bei ya kitu ambacho mtoto amekwishakikumbatia halafu akashindwa mbele yake. Aibu ile ndiyo inayomfanya apitie mtaa mwingine, na hawezi kukwambia. Na iwepo rafu moja ya vitu vya shilingi 500 hadi 2,000, ili mtoto aje na hela yake ya Idi anunue mwenyewe, ahesabu mwenyewe. Mhudumieni kama mtu mzima, mpeni na risiti yake.

Daftari la siku za kuzaliwa: jina la mtoto, tarehe, namba ya mzazi kama ameridhia, ujumbe mmoja wiki moja kabla. Mmoja, siyo kila siku. Fundi wa kurekebisha waya na magurudumu Jumamosi, hilo nililieleza kikao kilichopita. Kadi za pointi nilikuwa nimeziandaa, naziacha. Hazina kazi kwa mtoto aliyeambiwa asishike.

Maswali. Mama mwenye kitambaa cha kijani, uliinua mkono tangu nilipokuwa kwenye betri. Uliza, mama.