Michezo ya muziki London: anza na masikio yako, halafu kiti, halafu saa

Hamjambo ndugu zangu wa Dar, Mombasa, Zanzibar, Nairobi na kwingineko. Wengi mnaokuja London kwa siku nne au tano mnaniuliza mkaone mchezo gani wa muziki West End, eneo la kumbi za michezo katikati ya London. Nawaomba msianze na mabango ya barabarani. Anzeni na Kiingereza chenu.

Kiingereza cha kuimbwa si kile cha taarifa ya habari. Watu watatu wakiimba kwa pamoja, okestra nayo inapiga, hata aliyesoma chuo kikuu kwa Kiingereza mistari inampita. Chukua Hamilton, pale ukumbi wa Victoria Palace: ni rapu kwa sehemu kubwa, maneno zaidi ya 20,000 kwa muda usiofika saa tatu, na yote ni siasa za kuasisiwa kwa Marekani. Ni kazi kubwa na naiheshimu sana. Lakini kama hujaisikiliza albamu yake nyumbani mara kadhaa, hela yako iweke kwingine. Les Misérables inaimbwa karibu yote, ila nyimbo zake zinakwenda kwa mwendo unaofuatika. Soma muhtasari wa hadithi ya Victor Hugo kabla ya safari na hutapotea. Wicked inawafaa waliokwisha kuona filamu zake. Filamu ya kwanza, ya 2024, inaishia pale ambapo jukwaani wanakwenda mapumziko.

Kwa anayeingia ukumbini mara ya kwanza, hasa mwenye watoto, mimi nasema The Lion King, pale ukumbi wa Lyceum, ambako unaonyeshwa tangu 1999. Hata neno likikupita, macho yanakupa hadithi nzima. Unaanza kwa mwito wa Kizulu, halafu wanyama wanapita katikati ya watazamaji kwenda jukwaani: twiga ni mtu juu ya magongo, na tembo ana mtu ndani ya kila mguu. Tafuteni kiti cha pembeni mwa njia, sehemu ya chini, mnyama akupite karibu kabisa. Na msichelewe! Ukichelewa, wahudumu wanakuzuia mlangoni mpaka wapate nafasi ya kukuingiza, na hayo yote yatakuwa yameshapita.

Wanaochelewa Lyceum mara nyingi wanakwama kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Covent Garden. Lifti zinajaa, na ngazi zake ni 193. Shukeni Leicester Square mtembee. Kati ya vituo hivyo viwili hakufiki hata mita 300.

Sasa viti, tazameni ramani ya viti mnaponunua mtandaoni. Stalls ni chini, usawa wa jukwaa. Juu yake kuna ghorofa moja, mbili, wakati mwingine tatu. Watu wanakimbilia Stalls wakidhani chini ndiyo bora kila mahali. Hapana. Safu za nyuma za Stalls zinafunikwa na ghorofa ya juu, kwa hiyo ukienda The Phantom of the Opera, ukumbi wa His Majesty's, ile taa kubwa ya vioo inayoning'inia darini huioni vizuri, na taa hiyo ndiyo nusu ya raha. Safu za mbele za ghorofa ya kwanza zinakupa jukwaa zima. Ukiona bei imeshuka ghafla kwenye kiti kimoja, gusa hapo usome: mara nyingi kuna nguzo au reli mbele ya macho yako, na wameandika.

Tiketi za punguzo zinauzwa kwenye kibanda kiitwacho TKTS, hapa Leicester Square. Zipo za leo na za siku chache zijazo, na tovuti yao inaonyesha kilichopo kabla hujatoka hotelini. Ila ule mchezo mmoja uliokuleta, usiutegemee hapa. Ununue mapema kwenye tovuti ya mchezo wenyewe au ya ukumbi. Yale matangazo yanayotangulia ukitafuta mtandaoni mara nyingi ni ya madalali wenye ada zao juu. Na lipia ukiwa bado nyumbani: benki inatuma namba ya kuthibitisha kwa SMS, na laini yako ikizimika huku, malipo yanakwama. Mkija Agosti na watoto, ulizeni Kids Week: mtoto mmoja anaingia bure na mtu mzima aliyelipa kamili, kwa michezo inayoshiriki.

Kuhusu saa, tiketi ikiandikwa 19:30 ni saa 1:30 usiku. Mchezo wa saa mbili na dakika 45 unamalizika saa 4:15 usiku hapa. Mwili wako wa Afrika Mashariki unahesabu saa 6:15 usiku kiangazi, saa 7:15 kipupwe. Kwa hiyo siku ya kutua msiweke mchezo wa usiku, mtalipa pauni nyingi kuja kusinzia. Chukueni wa mchana, 14:30, Jumatano, Alhamisi au Jumamosi kutegemea ukumbi.

Siku ya kuondoka pia ina shida yake: kumbi nyingi hazipokei masanduku makubwa. Yaacheni hotelini, na kati ya mwisho wa mchezo na muda wa kuripoti uwanja wa ndege wekeni nafasi ya kurudi kuyachukua.