Mlio Unaozidi Kukimbia

Nianze na sauti. Ti... ti... ti. Waliowahi kucheza Uplink wameshaitambua. Naona wawili watatu huko nyuma wanatabasamu.

Gemu hilo lilitoka mwaka 2001, kazi ya Introversion, kampuni ndogo ya Uingereza. Halina bunduki, halina magari, halina hata mtu wa kumwongoza. Unaajiriwa kuingia kwenye kompyuta za wengine: kuiba faili, kubadili rekodi za masomo, kuharibu seva. Ukianza tu kuvunja nywila, mwenye mali naye anaanza kukutafuta, na chombo chako cha kukuonya kwamba unafuatwa kinalia. Kadiri anavyokaribia, mlio unazidi kukimbia. Toleo la kwanza la chombo hicho halikuambii zaidi ya huo mlio. Ukitaka kuona asilimia, ununue toleo la juu, na mwanzoni hela huna.

Naulizwa mara nyingi: utamu wake uko wapi? Mtu amekaa tu, anaandika! Ndiyo, ndugu zangu, na siri iko hapo hapo kwenye kukaa. Ukicheza gemu la mpira, miguu yako iko chini ya meza na ya mchezaji iko uwanjani, lazima ujifanye. Mdukuzi hukaa kwenye kiti, mbele ya skrini, mkono kwenye kibodi, usiku. Wewe tayari uko hivyo. Huna cha kujifanya. Mwaka 1985 Activision walitoa gemu liitwalo Hacker, nalo liliufungua mlango uleule: ukiliwasha, skrini inakutaka ujitambulishe, basi. Hakuna maelezo, hakuna wa kukuelekeza. Umegusa mahali usipopajua, na sasa ufanyeje?

Na kuingia ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kutoka bila kuacha nyayo. Katika Uplink unapitisha njia yako kwenye kompyuta nyingi, kisha unarudi kufuta kumbukumbu za mapito yako, ili anayekufuata apotelee njiani. Mimi mara ya kwanza nilimaliza kazi, nikalipwa, nikaanza kupanga nitanunua nini. Nilikuwa nimesahau kufuta. Baada ya muda wakanifikia, na safari nzima ikaisha. Gemu hilo halikurudishi ulipokosea. Nilikaa kimya mbele ya skrini, moyo unadunda kana kwamba kweli kuna mtu mlangoni.

Wazazi mliopo mna swali, nalijua: je, magemu haya yanafundisha wizi? Zana za Uplink ni za kubuni. Hakuna anayevunja nywila ya benki kwa kubofya picha na kungoja. Lakini mwaka 2015 Matt Trobbiani wa Australia alitoa Hacknet, na hilo ni jambo jingine. Uvunjaji wake umerahisishwa pia, ila kutembea ndani ya mashine unatumia amri za kweli: ls kuona yaliyomo, cd kuhama folda, cat kusoma, rm kufuta. Hizo hizo ndizo anazoandika fundi wa seva kila asubuhi.

Ndani ya Hacknet kuna usiku nisioweza kuusahau. Mdukuzi mwingine anakugeuzia kibao. Anaingia kwako, anafuta faili moja ya mfumo, kompyuta inajiwasha upya, na madirisha yote yametoweka. Ramani hakuna, vitufe hakuna. Umebaki na skrini nyeusi na kijistari kinachopepesa. Kwa miaka mingi skrini ya namna ile ilinitisha. Nikiiona kwenye kompyuta yangu halisi nilikuwa naita fundi. Usiku ule hapakuwa na wa kuitwa. Nikaandika ls. Nikaona majina ya folda. Nikajua niko wapi, nikaanza kuitafuta faili mbadala kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, mpaka madirisha yakarudi.