Mbio ndefu na jua la Mtwara: jinsi ya kujikinga ngozi isiungue

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo tuko Shangani hapa, bahari hiyo nyuma yangu, na leo siongelei viatu wala chakula cha mbio, naongelea jua. Maana watu wanajiandaa, huyu nusu marathoni, huyu kilomita 42, wengine baiskeli mpaka Lindi na kurudi, kila mtu anauliza anywe nini avae kiatu gani, ngozi hakuna anaeuliza. Afu mbio zikiisha ndo unawaona mabega yamebabuka, pua imetoka ganda.

Na najua komenti zenu kabla hata sijaanza, kuna mtu ashaanza kuandika "sisi weusi hatuungui bwana hayo mambo ya wazungu". Tunaungua ndugu yangu. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi na inasaidia kweli, wataalam walishakadiria kwamba ngozi nyeusi sana inajikinga yenyewe kama SPF 13 hivi, SPF ni ile namba ya kinga inayoandikwa kwenye losheni za jua, sasa hiyo inakutosha kwenda sokoni na kurudi, sio kukaa juu ya lami masaa matano. Ishu ni kwamba sisi hatuwi wekundu, kwaiyo unajiona uko fresh, unakuja kushtuka jioni bafuni maji yakigusa bega unaruka. Ngozi inavuta, inawasha, ukiweka kiganja unasikia joto, baada ya siku kadhaa inaanza kubanduka na yale madoa meusi yanabaki miezi. Hiyo ndo kuungua na jua kwa mtu mweusi, sio mpaka uwe kama nyanya.

Tuanze. Hatua ya kwanza ni saa. Nasisitiza, kwenye ishu ya jua usipange kwa kilomita, panga kwa saa. Chukulia marathoni inaanza saa 12 asubuhi. Yule mkali anaekimbia masaa mawili na robo, saa 2 na robo yuko kivulini anakunywa soda, jua lenyewe ndo kwanza linaamka. Wewe na mimi tunaokwenda masaa matano au sita tunamalizia saa 5, saa 6, jua la utosi. Yaani mbio moja, barabara moja, lakini yeye kakimbia kwenye jua jingine kabisa. Kwaiyo ukimuona bingwa kavaa singileti na kichwa wazi usimuige, yeye hana haja, mwenye haja ni wewe wa nyuma.

Na huku kwetu Kusini jua halina utani. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwaiyo kwa mwaka jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili, kwenye tarehe 20 Oktoba hivi na tena tarehe 22 Februari hivi, siku hizo saa sita mchana ukisimama kivuli chako kiko chini ya miguu. Kwenye kipimo cha miale ya UV, yaani ile miale ya jua inayounguza ngozi, siku za namna hiyo, mbingu ikiwa safi, inafika 11 na kupanda, ambayo Shirika la Afya Duniani wanaiita ya hatari kabisa, wakati wao wanasema ikifika 3 tu uanze kujikinga.

Huna haja ya kununua kipimo. Cheki kivuli changu hapa kwenye mchanga... ngoja nishushe kamera... umeona, sa hivi ni saa moja na kitu asubuhi, kivuli kirefu kinagusa ule mtumbwi. Sheria yake rahisi, kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, UV bado iko chini. Kikilingana na wewe au kikiwa kifupi, miale imeshakuwa mikali, hapo uwe umeshajifunika. Ukiwa unakimbia tupia jicho chini tu, jibu unalo.

Halafu kuna huu upepo wa kusi, Juni mpaka Septemba, unavuma kutoka baharini mpaka unatamani sweta, watu wanasema leo hakuna jua. Kinachounguza ngozi sio joto. Joto ni kitu kingine na miale ya UV ni kitu kingine, kusi linakupoza tu usisikie kinachoendelea. Na mawingu yale mepesi usiyaamini, miale mingi inapita. Mchanga mweupe na povu la mawimbi navyo vinarudisha miale juu, kwaiyo wa Msimbati mnaofanya mazoezi pembeni ya bahari mnapigwa toka juu na toka chini, chini ya kidevu na nyuma ya magoti msipasahau.

Hatua ya pili, nguo. Wengi wanakimbilia kununua losheni, mi nakwambia anza na nguo, na nitakuonyesha hesabu yake mbele utanielewa. Chukua nguo unayokimbilia, inyanyue juani hivi... mnaona hii tisheti nyeupe ya pamba, vidole vyangu vinaonekana kwa ndani. Kama mwanga unapita hivyo na miale inapita. Na hii ikilowa jasho au ukijimwagia maji inazidi kupitisha. Sasa hii nyingine, jezi ya mikono mirefu, ya mtumba hii nimeokota kwenye mafungu, imefumwa kwa kubana, rangi ya bluu iliyoiva, nainyanyua... vidole havionekani. Hii ndo ya mbio ndefu. Watu wataogopa rangi nzito inavuta joto, kweli inavuta kidogo, ila kama ni nyepesi, imepwaya kidogo na inakauka haraka utaizoea, we ijaribu kwenye mazoezi sio siku ya mbio. Jezi za mpira zenye vitundu vitundu mabegani angalieni, ile sehemu ya nyavu ni kama hujavaa.

Kama mikono mirefu huiwezi tafuta zile soksi za mikono wanazovaa waendesha baiskeli, unavaa toka kifundo cha mkono mpaka juu ya kiwiko, kwenye mtumba zipo ukitafuta. Raha yake kwenye meza ya maji unazilowesha, zinakupoza mkono huku zinakufunika.

Watu wa baiskeli nyie mna lenu. Ukitoka Mtwara asubuhi kwenda upande wa Mnazi Mmoja, njia ya Lindi, unaelekea magharibi, jua liko mgongoni. Ukigeuza mchana kurudi Mtwara unaelekea mashariki, na jua nalo limeshahamia magharibi, liko mgongoni tena! Kwaiyo kwenda na kurudi shingo ya nyuma ndo inaliwa, na umeinama, jezi imepanda kiunoni imeacha kile kipande cha ngozi hapo nyuma. Chomekea au vaa ndefu, na skafu nyepesi shingoni au hata kipande cha kanga, usione aibu. Vidole navyo, maana glavu nyingi zinaishia katikati ya vidole, na juu ya mapaja.

Kichwani sasa. Kepu ya kawaida inakinga uso tu, masikio na shingo imeyaacha. Tafuta ile yenye kitambaa cha kuning'inia nyuma, au funga leso chini ya kepu ikaning'inia shingoni, kazi ni ile ile. Dada zangu mnaokimbia na hijabu hapo mmeshamaliza masikio na shingo, bado uso na mikono. Mliosuka twende kilioni, ile mistari ya ngozi katikati ya nywele inaungua vibaya na kuisugua pale ukioga ni kilio kweli, vaeni kepu au kilemba chepesi. Vipara mnajijua. Na miwani ya jua nzuri ni ile iliyoandikwa inazuia UV kwa asilimia 100 au UV400, ile nyeusi tu isiyo na kinga ni mbaya maana mboni inafunguka gizani humo na miale inaingia zaidi.

Hatua ya tatu ndo sanskrini, losheni ya jua. Angalia lebo, nasogeza hapa... SPF iwe 30 au zaidi, iandikwe inazuia UVA na UVB, aina zote mbili za miale ya UV, na iandikwe inahimili maji, dakika 40 au dakika 80. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile miale inayounguza, SPF 50 kama 98, kwaiyo usijitese na bei ya 50 kama hela ni ya 30. Kinachoharibu ni kiasi. Namba ile ya kwenye lebo wanaipima maabara wakipaka nene, sisi tunapaka nusu yake au hata robo. Kiasi chenyewe ni hiki, kijiko cha chai kimoja kwa uso, shingo na masikio... naminya... umeona ni nyingi ee. Kijiko kimoja kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu. Sasa piga hesabu, tyubu ya mililita 50 ukijipaka mwili mzima imeisha asubuhi moja, na bei yake unaijua. Ndo maana nikasema nguo kwanza! Ukishavaa mikono mirefu na kufunika shingo, losheni inabaki ya uso, masikio, migongo ya mikono na miguu, tyubu moja unasogea nayo.

Paka robo saa au dakika 20 kabla hujatoka, ngozi ikiwa kavu. Kama una mafuta ya nazi au vaselini usoni nawa kwanza, hayo hayakingi jua kwa mbio ndefu, wala usichanganye na losheni ukidhani unaipunguza makali. Vaselini weka kwapani na mapajani panapochubuka basi. Juu ya nyusi pale usijaze, jasho litaishusha machoni na utalia njia nzima kuanzia Mikindani, pale acha kepu ifanye kazi. Midomo paka lip bam yenye SPF. Ukimaliza futa viganja, la sivyo chupa ya maji inateleza.

Nyeupe ile inayotuacha kama tumepakwa majivu ni zile zenye zinki, ni nzuri tu kwa ngozi inayowashwa haraka, ukitaka zisizoonekana zipo za jeli. Mi kwenye mbio navaa sura ya majivu bila shida.

Hatua ya nne ni njiani, na hapa ndo watu wote wanafeli. Kinga ya asubuhi haifiki saa 5. Kila masaa mawili unarudia, na ukiwa unatoka jasho sana au unajimwagia maji kichwani rudia mapema zaidi. Hamishia kidogo kwenye kichupa cha dawa ya macho kilichooshwa vizuri au tafuta ile ya kijiti kama gundi ya shule, weka mfukoni. Kwenye meza ya maji tembea, futa jasho kwanza na kitambaa kikavu, paka pua, mashavu, masikio, nyuma ya shingo, songa. Dakika moja haikunyimi medali.

Kitu kingine, na hiki nakisema kwa upole. Kama unatumia mkorogo, au krimu yoyote ya kung'arisha, ngozi yako haina ile kinga ya kuzaliwa nayo, imechunwa, jua la saa mbili asubuhi tu linakubabua. Kuna dawa pia, doksisaiklini kwa mfano, inafanya ngozi iungue kirahisi, kwaiyo ukiwa kwenye dozi muulize mfamasia kabla hujasimama barabarani nusu siku. Na ndugu zetu wenye ualbino wao haya yote ni lazima kila siku sio mbio tu, ipo losheni inaitwa Kilisun, ilianza kutengenezwa Moshi pale KCMC kwa ajili yao, ulizeni hospitali au chama chenu cha mkoa. Waandaaji nanyi wekeni kundi lao lianze alfajiri na mbio fupi.

Ikitokea umeungua basi, toka juani, maji ya baridi ya kawaida au kitambaa kilicholowa, sio barafu. Shubiri, hii alovera ya uani, pakaa. Dawa ya meno usipake, samli usipake. Malengelenge usitoboe. Kunywa maji ya kutosha, na maumivu tumia panado, ibuprofeni na diklofenaki acha kwanza kama umekaukiwa maji maana zinabana figo. Ngozi iliyoungua haitoi jasho vizuri kwaiyo siku mbili tatu zinazofuata usiende kukimbia mchana. Malengelenge yakiwa mengi, au mtu anatapika, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, huyo msimpake kitu, mmwagieni maji huku mnamkimbiza hospitali, joto limeshaingia ndani.

Tyubu ikibaki usiiache kwenye dashibodi ya gari wala chini ya siti ya boda, joto linaiharibu. Iangalie tarehe, na ukiona imejitenga maji huku mafuta kule, tupa. Maswali wekeni hapo chini, wa baiskeli mniambie mnatumia glavu gani.