Usimnunulie Mtoto Raketi ya Ukubwani

Ndugu wazazi na walezi, jambo hili nimelisema kila nilipoalikwa, na sitachoka kulisema kwa sababu madhara yake nayaona uwanjani kila wiki: mtoto anayeanza tenisi asinunuliwe raketi ya mtu mzima kwa hesabu kwamba atakua nayo. Sare ya shule ikiwa kubwa hupindwa, na mtoto akasoma bila taabu, raketi haipindwi.

Raketi ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa inchi 27. Msichana mmoja wa miaka minane aliletwa kwangu akiwa na raketi ya baba yake. Mpira ulipomjia, aliishika raketi juu kabisa, pale mpini unapoungana na fremu, akabana viwiko mbavuni na kuusukuma mpira kwa mikono miwili, huku ncha ya mpini ikimchoma tumboni. Uzito ulipomshinda, kichwa cha raketi kiliinama, kifundo cha mkono kikapinda, na mpira ukagonga fremu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba hana kipaji. Nilimpa raketi ya inchi 23 na mpira mwekundu wa watoto, unaokwenda polepole na kudunda chini, na kabla kipindi hakijaisha alikuwa akizungusha mkono wote kutoka begani. Je, kipaji hicho kilitoka wapi kwa muda mfupi hivyo?

Najua yupo anayesema moyoni kwamba raketi ni ghali na watoto hukua haraka. Hayo ni kweli, nami siudharau mfuko wa mtu. Lakini raketi ndogo za alumini ni nafuu kuliko za grafaiti za watu wazima, na iliyomtosha mkubwa leo itamfaa mdogo wake kesho. Kinachogharimu zaidi ni kumfundisha upya mtoto aliyezoea kupiga kwa kifundo cha mkono, kwa kuwa mazoea hayo hayamtoki upesi.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Mtoto asimame wima, aushike mpini mwishoni, na kuunyoosha mkono kando ya mguu: kichwa cha raketi kiguse ardhi kidogo tu au kiikaribie. Akilazimika kukunja kiwiko, hiyo ni ndefu. Mara nyingi mtoto wa miaka mitano au sita hutoshwa na inchi 21, na wa miaka tisa au kumi inchi 25.

Kwa watu wazima nitasema kwa ufupi. Msifuate raketi ya bingwa. Ile aliyoanza kuitumia Roger Federer mwaka 2014 ilikuwa na kichwa cha inchi za mraba 97 na uzito wa gramu 340 kabla ya kufungwa nyuzi, mzigo unaomchosha mgeni wa mchezo. Tafuteni kichwa cha inchi za mraba 100 hadi 110, na uzito wa gramu 255 hadi 285. Mpini ukiushika, kidole cha shahada cha mkono wa pili kipite kati ya ncha za vidole na kiganja. Nyuzi ngumu za poliesta ziacheni, maana huumiza kiwiko.

Muda wangu umekwisha. Raketi za inchi 19 hadi 26 zipo pale mezani. Mliokuja na watoto, waleteni tuwapime.