Bunduki Nyumbani na Sheria za Majimbo ya Marekani

Mabibi na mabwana, wengi wetu tunaoishi Marekani tumetoka katika nchi ambako raia hapati bastola bila kupitia polisi, na hivyo ni rahisi kudhani kwamba hapa nako ipo sheria moja kwa wote. Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya kumiliki silaha, lakini kila jimbo lina masharti yake. Mkazi wa Illinois hana ruhusa ya kuwa na bunduki wala risasi bila kitambulisho cha mmiliki, ilhali katika jimbo jirani la Indiana, tangu Julai 2022, mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria hubeba bastola bila kibali. Bastola iliyo halali kiunoni ukitembea Hammond, Indiana, yaweza kukufikisha mahakamani Chicago, Illinois.

Ipo pia sheria ya shirikisho, nayo inawahusu vijana wetu moja kwa moja: aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, ila kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Afahamu hilo kabla ya kukubali mwaliko wa kwenda kulenga shabaha.

Lililonileta hasa, hata hivyo, ni utunzaji wa silaha nyumbani. Massachusetts huagiza silaha isiyo mikononi mwa mwenyewe ifungwe kwa kufuli, wakati Texas humshtaki mmiliki ambaye kwa uzembe wake mtoto wa chini ya miaka 17 ameifikia bunduki yenye risasi. Mimi naiunga mkono ile ya kwanza, kwa kuwa inamtaka mzazi achukue hatua kabla mtoto hajaigusa.

Na kufunga peke yake hakutoshi. Watu huchomoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, wakaamini bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute sehemu ya juu kuelekea nyuma na kuchungulia chemba, maana ukivuta kabla ya kuchomoa, risasi nyingine huingia. Kisha ifungie kwenye sefu, risasi zikae pengine. Chini ya godoro mtoto anapafahamu.

Na mwanao akialikwa kulala kwa rafiki yake, wapigieni simu wazazi wenzenu, muulize bila haya kama wana bunduki na wameifungia wapi.