Mfalme Aliyeshindwa na Bendera

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie wafuasi wa ufalme nchini Ufaransa, na naona wengine mnajiuliza: ufalme gani, si walishamkata mfalme kichwa? Walimkata, Januari 1793. Lakini miongoni mwa wabunge waliopiga kura auawe alikuwamo ndugu yake wa ukoo, Duke wa Orléans. Kura hiyo haikusahaulika nyumbani.

Mwaka 1830 mtoto wa duke huyo, Louis-Philippe, akakalia kiti baada ya Charles wa Kumi, mdogo wa yule aliyekatwa kichwa, kung'olewa. Ukoo ukapasuka. Walejitimisti wakashikilia tawi la wakubwa, la Charles, hata likiwa uhamishoni. Waorleani, watu wa Louis-Philippe, wakamtaka mfalme anayekubali katiba na bendera ya rangi tatu. Wabonaparte, wafuasi wa ukoo wa Napoleon, nao walikuwa na lao, tuwaache.

Njooni 1871. Ufaransa imepigwa na Wajerumani, uchaguzi umefanyika, na wapenda ufalme ndio wengi bungeni! Baada ya mvutano wakapatana: Comte de Chambord, mjukuu wa Charles, hana mtoto, atawale yeye, akifa kiti kiende kwa Waorleani. Hata magari ya farasi ya kumwingiza Paris yakaundwa.

Chambord akagoma. Anataka bendera nyeupe ya mababu zake. Ile ya rangi tatu ni ya mapinduzi. Barua yake ya Oktoba 1873 ikavunja kila kitu. Wengi humcheka. Mimi simcheki: mfalme anayepangiwa bendera na wabunge, kwa imani yake, hakuwa mfalme tena.

Bunge likampa Marshal Mac-Mahon, mwanajeshi mpenda ufalme, urais wa miaka 7, wengi wakitumaini kwamba kabla haijaisha mkaidi atakuwa amekufa. (Miaka 7 hiyo ikabaki kuwa muhula wa marais hadi kura ya maoni ya mwaka 2000.) Mkaidi hakufa. Januari 1875 jamhuri ikapenya kwa kura 353 dhidi ya 352; yeye akafariki 1883.

Mnadhani ugomvi uliisha? Baadhi ya wafuasi wake waliona afadhali mtu wa tawi la Hispania la ukoo huohuo wa kifalme, Bourbon, kuliko mjukuu wa Louis-Philippe. Ndiyo maana leo kuna Louis de Bourbon, mzaliwa wa Madrid, na kuna Jean d'Orléans, kila mmoja na watu wake. Yale magari ya farasi yapo kwenye kasri la Chambord. Hayakuwahi kumbeba mfalme.